Hisia Hukaa katika Viishio: Uhakiki wa Ujifunzaji wa Kiitaliano kwa Njia ya Nyimbo

Ikisiri

Walimu wa lugha za kigeni wamependekeza nyimbo kwa muda mrefu kama njia ya kumfikisha mwanafunzi kwenye lugha kupitia moyo wake. Kiitaliano, lugha iliyojulikana duniani kwa opera na kwa nyimbo za mapenzi, hutolewa mara kwa mara kuwa mfano mkuu wa njia hiyo. Makala haya yanahakiki dai kwamba mwanafunzi anayeihisi maana ya wimbo huwa ameielewa lugha ya wimbo huo. Kwa kuzingatia nyimbo chache maarufu za Kiitaliano na Kinapoli, yanaonyesha kuwa hisia ya kwanza ya msikilizaji mara nyingi hutoka katika lahani au katika maisha yake mwenyewe, ilhali hisia ya maneno hubebwa na vipashio vidogo vya sarufi: viishio vya vitenzi, vielezi vya mahali, kibainishi na nafsi. Makala yanamalizia kwa kujadili athari za jambo hili kwa wafanyakazi wa utalii katika pwani ya Afrika Mashariki na kwa mitaala ya Kiswahili kwa wageni.

1.0 Utangulizi

Italia ilipounganishwa mwaka 1861, wananchi wake wengi hawakuzungumza Kiitaliano. Tullio De Mauro, katika historia yake ya lugha ya nchi hiyo iliyochapishwa mwaka 1963, alikadiria kuwa wazungumzaji walikuwa takriban asilimia 2.5 ya watu wote. Arrigo Castellani baadaye alitoa makadirio ya juu zaidi, lakini hata kwa hesabu yake walikuwa wachache. Wengi waliishi katika lugha za kwao: Kinapoli, Kisisilia, Kivenisi na nyinginezo. Kiitaliano kilikuwa lugha ya vitabu kabla ya kuwa lugha ya sokoni, na miongoni mwa vyombo vilivyokipeleka majumbani katika karne ya 20 ni redio, sinema, televisheni iliyoanza matangazo yake ya kawaida mwaka 1954, na wimbo. Tamasha la nyimbo la Sanremo, lililoanza mwaka 1951, liliwafanya watu wa Palermo na wa Torino wakariri maneno yaleyale katika juma lilelile.

Kwa hiyo, anayesema kuwa Kiitaliano kinaweza kujifunzwa kwa nyimbo hasemi jambo la ajabu. Waitaliano wenyewe, kwa kiasi fulani, walipitia njia hiyo. Hata hivyo, hoja inayotolewa leo kwa wanafunzi wa kigeni imekwenda mbele zaidi. Inadai kuwa hisia ni daraja: mwanafunzi asikilize, aguswe, na kuguswa huko kutamfungulia maana, kisha maana itamletea msamiati na sarufi bila taabu ya darasani. Hoja hii inapendeza, na kwa taasisi zenye bajeti ndogo ina mvuto wa ziada, kwa kuwa wimbo ni nyenzo rahisi kupatikana. Makala haya yanadai kuwa mpangilio wa hoja hiyo umegeuzwa. Katika nyimbo zinazotumiwa zaidi, sarufi ndiyo inayomfikisha mwanafunzi kwenye hisia ya maneno. Anayeanza na hisia na kuishia hapo hurudi na kile alichokwenda nacho.

2.0 Msingi wa Hoja ya Watetezi

Watetezi wa nyimbo wana msingi wa kinadharia. Stephen Krashen, katika kazi zake za mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliendeleza dhana ya kichujio cha hisia: hofu, aibu na kukata tamaa humzuia mwanafunzi asiipokee lugha anayoisikia, na utulivu wa moyo hukilegeza kizuizi hicho. Wimbo hulegeza. Mtu mzima anayeona haya kutamka sentensi moja mbele ya wenzake huweza kuimba ubeti mzima pamoja nao. Tim Murphey naye alichunguza namna wimbo unavyonata kichwani na kujirudia wenyewe baada ya muziki kukoma, akaona kuwa marudio hayo yanaweza kuwa mazoezi ya bure ya lugha.

Upo pia ushahidi wa majaribio. Mwaka 2014, Karen Ludke na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la watu wazima 60 waliofundishwa virai vya Kihungari, wengine kwa kusema, wengine kwa kusema kwa mdundo, na wengine kwa kuimba. Waliojifunza kwa kuimba walifanya vyema zaidi katika majaribio ya kuvikumbuka na kuvitamka virai hivyo. Matokeo haya hunukuliwa sana, na yanastahili kuheshimiwa. Lakini yasomwe kwa kile yalichopima. Yalipima kumbukumbu ya virai vifupi muda mfupi baada ya kufundishwa. Hayakupima iwapo mwimbaji alielewa hisia ya alichokiimba, wala iwapo angejua ni nani wa kuambiwa maneno hayo na wakati gani. Kukumbuka umbo ni jambo moja, na kulijua umbo linafanya kazi gani ni jambo jingine.

Murphey mwenyewe alitoa, mwaka 1992, uchunguzi unaopaswa kuwatahadharisha watetezi. Alipochambua maneno ya nyimbo pendwa za Kiingereza, aliona kuwa nyingi hazitaji mahali, hazitaji saa, na hazimtaji kwa jina anayesema wala anayeambiwa. Zina “mimi” na “wewe” wasio na anwani. Kwa sababu hiyo msikilizaji huzijaza nafasi hizo kwa watu wake mwenyewe. Hapo ndipo nguvu ya wimbo ilipo, na hapohapo ndipo tatizo la mbinu linapoanza. Ikiwa mwanafunzi ameguswa kwa sababu amemweka mpenzi wake ndani ya “wewe” ya wimbo, hisia aliyoipata ni yake. Haijatoka katika Kiitaliano.

3.0 Kupaa na Kushuka: Wimbo wa Modugno

Hakuna wimbo wa Kiitaliano unaoimbwa sana na wanaoanza kujifunza kuliko “Nel blu, dipinto di blu” wa Domenico Modugno, alioutunga pamoja na Franco Migliacci, na ambao dunia huuita “Volare”, yaani kupaa. Ulishinda Sanremo mwaka 1958, na mwaka uliofuata ulipewa tuzo mbili kuu katika hafla ya kwanza ya Grammy nchini Marekani. Mwanafunzi yeyote huweza kueleza hisia yake baada ya kuusikiliza mara moja: furaha, uhuru, mtu aliyefungua mikono angani.

Maneno yanasema jambo pana zaidi kuliko hilo. Wimbo unaanza kwa mashaka. Msemaji anaifikiria ndoto aliyoiota na kuona kuwa pengine haitamjia tena. Mashaka hayo hayabebwi na neno lenye maana ya shaka au huzuni. Yanabebwa na kiishio cha kitenzi “ritorni”, kilicho katika hali ambayo wanasarufi wa Kiitaliano huiita “congiuntivo”. Hali hii ina ndugu yake katika Kiswahili, ile ya kiishio -e katika “aje” na “aende”. Lugha zote mbili huitumia kwa matakwa: “nataka aje” kwa Kiitaliano ni “voglio che venga”. Lakini zinaachana katika kudhani. Kiswahili husema “nadhani anakuja”, kwa kitenzi cha kawaida cha kuarifu. Kiitaliano sanifu husema “penso che venga”, na kwa kiishio hicho mzungumzaji anajulisha kuwa jambo limo katika fikra zake na halijathibitika duniani. Mwanafunzi mwenye Kiswahili kama lugha ya kwanza hana sababu ya kuihisi tofauti hiyo kwa sikio. Tena umbo “ritorni” linafanana kabisa na lile la “wewe unarudi”. Bila kufundishwa, atalisikia kama neno analolijua, na mashaka ya mwanzo wa wimbo yatapita bila kuacha alama.

Kinachofuata ni masimulizi ya ndoto, na hapa tena sarufi ndiyo inayopaka rangi. Kiswahili husimulia ndoto kwa -li- na -ka-: niliota, nikapaa, nikaona. Kila tendo linasukumwa na lililotangulia, na ndoto inakuwa kisa chenye mwanzo na mwisho. Kiitaliano husimulia ndoto kwa “imperfetto”, wakati uliopita usiofungwa, ambao kwa Kiswahili hukaribiwa na “nilikuwa nikipaa”. Wanasarufi wana jina mahsusi kwa matumizi hayo ya ndotoni. Wimbo wa Modugno unayafuata. Matendo yake hayapangwi kama hatua. Yanaelea yote kwa pamoja, kama mambo yanavyoelea katika usingizi. Ule wepesi ambao msikilizaji anaudai ni wa sauti ya mwimbaji umo pia katika wakati wa vitenzi, na anayezitafsiri sentensi hizo kwa -ka- amemshusha mwotaji chini kabla ya wakati wake.

Kushuka kwenyewe kunakuja mwishoni. Wimbo unaodhaniwa kuwa wa kupaa unamalizikia ardhini. Katika kiitikio cha kwanza, furaha ya msemaji iko “lassù”, huko juu. Baada ya mapambazuko kuifukuza ndoto, kiitikio kinarudi kikiwa na neno jingine: “quaggiù”, huku chini, katika macho ya mpenzi ambayo nayo ni ya buluu. Muziki ni uleule. Mwenye kufuata lahani peke yake hana namna ya kujua kuwa msemaji amehama kutoka mbinguni hadi duniani. Ajabu ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili ana uwezo mkubwa wa kulitambua jambo hili, kwa kuwa lugha yake inatenganisha “huko” na “huku” kwa irabu moja tu. Mwalimu anayemwonyesha vielezi hivyo viwili atakuwa amempa wimbo mzima. Mwalimu anayemwambia aimbe kwa furaha atakuwa amempa nusu ya kwanza.

4.0 Lahani Inapokanusha Maneno

Mfano wa Modugno unaonyesha hisia iliyopunguzwa. Mfano wa “Azzurro”, uliorekodiwa na Adriano Celentano mwaka 1968 kwa muziki wa Paolo Conte na maneno ya Vito Pallavicini, unaonyesha hisia iliyogeuzwa. Lahani yake ina mwendo wa gwaride la kijiji, na makundi huuimba kwa kupiga makofi. Anayeimba ndani yake, hata hivyo, ni mtu aliyeachwa mjini peke yake wakati wa kiangazi, mpenzi wake akiwa ameondoka kwenda pwani. Anga safi ya alasiri imekuwa mzigo kwake. Anakumbuka Jumapili za upweke za utotoni, na mawazo yake yanasafiri kwa treni upande ambao yeye haendi.

Neno linaloshikilia huzuni hiyo ni “troppo”. Kiitaliano kinatenganisha “molto”, yaani sana, na “troppo”, yaani kupita kiasi. Tafsiri ya Kiswahili yenye “mno” itateleza, maana “mno” huweza kuwa sifa na huweza kuwa lalamiko. Mchana mzuri mno unaweza kusifiwa kwa Kiswahili. Mchana ulio “troppo” umeshamchosha mtu. Tena jina lenyewe la rangi si dogo. Kiitaliano kina “blu” na kina “azzurro”, kama Kiswahili kinavyoweza kutenganisha buluu na samawati, neno lenye mbingu ndani ya asili yake ya Kiarabu. Katika wimbo huu anga ndiyo inayomkandamiza mtu, na ndiyo maana rangi ya anga ikawa jina la wimbo.

Mwanafunzi aliyeombwa aeleze hisia ya “Azzurro” kwa kuusikiliza tu ataandika “furaha”, na chini ya mbinu ya hisia kwanza hakuna kitu cha kumrekebisha, kwa sababu mbinu imeshampa hisia mamlaka juu ya maneno. Kosa lake halitoki katika uvivu. Amefuata maelekezo. Wala asiambiwe kuwa furaha ya lahani ni ya uongo. Uzuri wa wimbo umo katika mgongano wa vitu viwili, mguu unaocheza na kinywa kinacholalamika. Lakini mgongano huonekana na anayeona pande zote mbili.

5.0 Kiitaliano Kipi?

Watetezi wa nyimbo huzungumza kana kwamba kila kinachoimbwa na Mwitaliano ni Kiitaliano. Nyimbo mashuhuri zaidi hazikubali dhana hiyo. “’O sole mio”, ya mwaka 1898, yenye maneno ya Giovanni Capurro na muziki wa Eduardo Di Capua, ni ya Kinapoli. Alama iliyo mwanzoni mwa jina lake si mapambo. Ile “’o” ni kibainishi, sawa na “il” ya Kiitaliano. Jina maana yake ni “jua langu”, basi. Wageni wengi, wakiongozwa na sauti za waimbaji wakubwa wa opera, huisikia kama “o” ya kuita, “Ee jua langu!”, na kuuchukua wimbo kama dua kwa jua. Hapo hisia imezalishwa na kosa la sarufi. Katika kiitikio jua haliitwi, linatajwa. Anayeambiwa ni mpenzi, na jua linalotajwa liko usoni pake. Anayebadilisha kibainishi kuwa mwito amembadilisha anayezungumziwa, na wimbo wa mahaba umegeuka kuwa ibada.

Lucio Dalla, katika “Caruso” ya mwaka 1986, anasimulia siku za mwisho za mwimbaji Enrico Caruso. Beti zake ni za Kiitaliano, lakini kiitikio chake kinaegemea Kinapoli. Jambo hili lina uzito kwa sababu ya neno la kupenda. Katika Kiitaliano cha leo, “ti amo” huambiwa mpenzi, na “ti voglio bene” huambiwa mzazi, mtoto, ndugu au rafiki. Katika Kinapoli, usemi unaolingana na huu wa pili hubeba hata mapenzi ya wapendanao. Kiswahili, chenye “nakupenda” kwa wote, kiko karibu na Napoli kuliko na kamusi ya Kiitaliano. Mwanafunzi anayejifunza kupenda kwa wimbo wa Dalla bila kuambiwa mpaka wa lugha hizi mbili anaweza kumwambia mchumba neno la rafiki, au kumwambia mwenyeji wake neno la mchumba. Na akitafsiri “ti voglio bene” neno kwa neno atapata “nakutakia mema”, ambayo kwa Kiswahili hufaa kufunga barua.

Opera inaongeza umbali mwingine, ule wa zama. Maandiko yake yanatumia “alma”, “core”, “speme” na “desio” mahali ambapo Kiitaliano cha leo husema “anima”, “cuore”, “speranza” na “desiderio”. Hisia za maneno hayo ni halisi, lakini ni hisia za maktaba. Ni sawa na mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa tenzi na taarabu ya zamani, akaingia dukani na kuzungumza juu ya mtima na nyonda. Ataeleweka, na atachekwa kwa upendo.

Kuna pia suala la mizani, ambalo huzungumzwa kidogo. Kiitaliano, kama Kiswahili, huweka mkazo wa maneno mengi katika silabi ya pili kutoka mwisho. Muziki pendwa, ukiathiriwa na mapigo ya Kimarekani, hutaka mistari ifungwe kwa silabi yenye mkazo. Watunzi kwa hiyo huyatafuta maneno machache yenye mkazo mwishoni: “più”, “blu”, “perché”, na hasa vitenzi vya wakati ujao kama “verrò” na “sarà”. Mwanafunzi anayesikia ahadi nyingi hivyo hudhani kuwa Waitaliano ni watu wa viapo. Katika mazungumzo, anayekuja kesho husema mara nyingi “domani vengo”, kwa wakati uliopo. Baadhi ya ahadi za nyimbo zimeletwa na moyo, na nyingine zimeletwa na vina na mizani. Msomi wa ushairi wa Kiswahili anayafahamu mahitaji ya namna hiyo. Mwanafunzi wa Kiitaliano anastahili kuambiwa.

6.0 “Wewe” ya Wimbo na “Wewe” ya Kazi

Mjadala huu una uzito wa pekee katika pwani ya Afrika Mashariki. Malindi na Watamu zimekuwa makazi na mapumziko ya Waitaliano kwa miongo kadhaa. Karibu na hapo, Ngomeni, Italia ilirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco mwaka 1967. Katika miji hiyo, na katika hoteli za Zanzibar, wapo wahudumu, waongozaji wageni, madereva wa tuktuk na wauza vinyago wanaojipatia riziki kwa Kiitaliano walichookota kwa masikio. Kwao wimbo ni mwalimu wa kweli, na mara nyingi ndiye aliyekuwa karibu.

Mwalimu huyo ana pengo moja kubwa. Wimbo wa mapenzi humwita anayeambiwa “tu”. Kiitaliano cha heshima humwita “Lei”, na kitenzi kinachomfuata ni cha nafsi ya tatu, kana kwamba anayehutubiwa kwa adabu anazungumziwa kama “yeye”. Mgeni mzee anayepokelewa mapokezini, mteja wa benki, daktari na ofisa wa ubalozi wote huanza na “Lei”. Mhudumu aliyelelewa na nyimbo humjia kila mmoja wao kwa “tu” ya chumbani. Baadhi ya wageni watalipokea hilo kama uchangamfu. Wengine watamweka katika daraja la chini bila kumwambia sababu, na yeye, aliyetoka katika jamii ambayo mtoto hawezi kumpita mtu mzima bila “shikamoo”, ataonekana hana adabu katika lugha ya pili hali adabu anayo tele katika ya kwanza. Hiyo ni hasara ya utu kabla ya kuwa hasara ya bakshishi.

Hapa ndipo uchambuzi wa sehemu ya tatu unaporudi kwa manufaa. Amri ya heshima katika Kiitaliano huundwa kwa “congiuntivo”: “venga”, “mi scusi”, “si accomodi”. Kiswahili hufanya vivyo hivyo kinapolainisha amri kwa kiishio -e: “uje”, “uniwie radhi”, “ukae”. Na lile umbo “ritorni”, ambalo katika sentensi ya kwanza ya wimbo wa Modugno hubeba mashaka ya mwotaji, ndilo hilohilo la kumwambia mgeni wa heshima arudi tena: “ritorni”, urudi. Mhudumu anayeuimba wimbo huo kila jioni tayari ana mdomoni mwake ufunguo wa adabu ya Kiitaliano. Hajaambiwa kuwa ni ufunguo. Mbinu ya hisia peke yake haitamwambia kamwe, kwa sababu katika macho yake neno hilo ni sehemu tu ya furaha ya kupaa.

Pingamizi linaweza kutolewa kuwa muuza vinyago hahitaji sarufi ya namna hii, na kwamba kumfundisha viishio ni kumfukuza. Pingamizi hili linadharau uwezo wake. Mtu anayetofautisha “huko” na “huku”, “njoo” na “uje”, bila kusita, ana sarufi yote inayohitajika kulielewa jambo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha kuwa Kiitaliano kinafanya kitu kilekile mahali pengine.

7.0 Kioo cha Kiswahili

Washauri wa sera wanaoandaa mitaala ya Kiswahili kwa wageni wana kioo chao. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. UNESCO iliitenga Julai 7 kuwa siku yake mwaka 2021. Mahitaji ya nyenzo za haraka yanaongezeka, na wimbo ni nyenzo ya kwanza kufikiriwa. “Jambo Bwana”, uliorekodiwa na Them Mushrooms mwaka 1982, umewafundisha wageni wengi salamu kuliko kitabu chochote. Umewafundisha pia kusema “jambo” tupu, bila kiambishi cha nafsi kilicho katika “hujambo” na “hamjambo”, na wenyeji wamezoea kulijibu kama lugha ya watalii. Uchangamfu umefika, nafsi imebaki nyuma.

“Malaika”, ulioimbwa na Fadhili William na kusambazwa duniani na Miriam Makeba, ni mfano wa kina zaidi. Wageni huuimba kama wimbo mtamu wa kubembeleza. Msiba wake wote umo katika kiambishi -nge-, cha tendo ambalo lingefanyika lau uwezo ungekuwapo. Asiyekijua kiambishi hicho anasikia pendo. Anayekijua anasikia umaskini ukizuia ndoa. Kama mwalimu wa Kiswahili hangeridhika na mwanafunzi anayeuimba wimbo huo bila kuijua -nge-, hana sababu ya kuridhika na mwanafunzi wa Kiitaliano anayeimba bila kuujua “congiuntivo”.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu hauziondoi nyimbo darasani. Zinaondoa hofu, zinakaza kumbukumbu, na zinampa mwanafunzi sababu ya kurudi siku inayofuata. Kinachopingwa ni kuifanya hisia ya kwanza kuwa kipimo cha uelewa. Kutokana na mifano iliyochambuliwa, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, wimbo uteuliwe kwa kipashio cha sarufi kinachobeba hisia yake, na kipashio hicho kitajwe katika mpango wa somo. Pili, mwanafunzi aandike anachohisi kabla ya kusoma maneno, kisha aandike tena baada ya kuyachambua. Tofauti ya maandishi hayo mawili ndiyo somo lenyewe. Tatu, kila wimbo uelezwe ni wa lugha ipi, wa zama zipi, na wa uhusiano gani kati ya msemaji na msemewa. Nne, tathmini imtake mwanafunzi ageuze sentensi za wimbo kuwa mazungumzo ya kila siku, kwa “tu” na kwa “Lei”.

Mapendekezo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mwalimu aliyeusoma wimbo kabla ya kuuchezesha. Taasisi itakayofadhili spika na isimfadhili mwalimu huyo itapata wanafunzi wanaoimba vizuri, na wageni watawapigia makofi, kisha watamtafuta mtu mwingine wa kuzungumza naye.